Saa 168 za wiki: jinsi ya kuzigawa ili kazi isimeze maisha

Maswali ni yale yale kila mara. Nianzie wapi? Nipakue programu gani? Ni lazima niamke saa 11 alfajiri? Mbona ratiba yangu haifiki Jumatano? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio mmoja, hatua kwa hatua, na umeandikiwa mtu ambaye hajawahi kupanga muda wake kwa maandishi. Uwe umeajiriwa, umejiajiri, unasoma au unashinda nyumbani na watoto, hatua ni hizi hizi. Namba ndizo zitakazotofautiana.

Shika jambo moja kabla hujaanza. Wiki ina saa 168, kwako na kwa mwingine yeyote, na hakuna mbinu inayoongeza hata moja. Saa unayotaka kuipeleka kwenye usingizi, kwa watoto, kwenye mazoezi au kwenye kukaa tu bila kufanya chochote, leo hii ina shughuli nyingine inayoila. Mipango mingi hufa kwa sababu mwenye mpango aliandika anachotaka kuongeza, akasahau kuandika kitakachopungua. Ndiyo maana humu utaulizwa tena na tena swali moja la kuudhi: saa hizo zinatoka wapi?

Tena pima kwa wiki, usipime kwa siku. Siku ya kufunga hesabu za mwezi itaelemea kazini, siku mtoto anaumwa itaelemea nyumbani, na hapo hakuna kosa lolote. Anayetaka kila siku igawanyike sawasawa ataishi akijilaumu. Ule mgawanyo maarufu wa saa 8 za kazi, 8 za mapumziko na 8 za usingizi ulienea karne ya 19 kama dai la wafanyakazi, na ulizaa matunda: mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Lakini uangalie vizuri: hauna mahali pa kupika, kufua, kulea wala kwenda na kurudi kazini. Palikuwa na mtu mwingine akiyafanya hayo. Usiutumie kupimia maisha yako.

Andaa haya kwanza

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Simu inafaa pia, ila ina mtego wake: unaifungua uandike neno moja, unaibuka baada ya dakika 20.
- Karatasi kubwa yenye jedwali la siku 7 na saa 24. Chora kwa mkono, inatosha.
- Penseli na kifutio. Jedwali hili litafutwa sana.
- Siku 7 za kawaida zinazofuatana. Usichague wiki ya likizo, ya msiba, ya harusi wala ya mitihani.
- Nusu saa tulivu mwisho wa wiki, na utayari wa kuzungumza na unaoishi nao.

Programu ya kulipia huhitaji. Kalamu za rangi sita nazo huhitaji. Nimeona watu wakitumia jioni nzima kupamba ratiba, na jioni hiyo ndiyo ilikuwa saa zao pekee za kupumzika.

Hatua ya 1: Andika wiki ilivyo, bila kuirekebisha

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anataka kuiruka, na ndiyo inayoamua kama zilizobaki zitafaa. Kupanga ratiba kabla ya kuiandika wiki yako halisi ni kama kushona nguo bila kumpima mvaaji.

Kila unapobadili shughuli, andika saa na unachoanza kufanya. Maneno mawili matatu yanatosha. Ukishindwa kuandika papo hapo, usipitishe saa 3 bila kujaza. Asubuhi ya mtu inaweza kuonekana hivi:

12:10 – kuamka, simu kitandani
12:40 – kuoga, kuvaa, kuandaa watoto
1:35 – njiani
2:20 – kazini, barua pepe
3:05 – ripoti
3:25 – simu ya mteja, kisha mitandao
4:00 – ripoti tena

Tazama ripoti ilivyokatwa. Neno "kazini" peke yake, kuanzia saa 2 hadi saa 11, lisingekuonyesha hilo, kwa hiyo vunja saa za kazi vipande vipande.

Ukifanya mambo mawili kwa pamoja, andika lililo kuu na lile la pili uliweke kwenye mabano: "kupika (redio)", "kumlisha mtoto (simu)". Mabano hayo yatakuwa na maneno ya kukuambia baadaye.

Makosa matatu yanarudi sana hapa. La kwanza ni kujaza usiku kwa kukumbuka. Watafiti wa matumizi ya muda wameona mara nyingi kwamba mtu akiulizwa kwa jumla anafanya kazi saa ngapi, hutaja nyingi kuliko zinazoonekana akiandika shughuli zake moja baada ya nyingine. Kumbukumbu hutunza yale yaliyotuchosha, na dakika tulizopoteza haziachi alama. La pili ni kuwa na adabu kwa sababu unajiandika: ghafla unalala mapema na kukunja nguo. Hakuna anayekusahihishia daftari hilo, andika ukweli. La tatu ni kuacha kabisa kwa sababu Jumanne ulisahau mchana wote. Acha pengo lilivyo, endelea na Jumatano.

Hatua ya 2: Jumlisha kwa mafungu

Siku ya 8, kaa chini na ujumlishe. Kadiria hadi nusu saa iliyo karibu, hakuna haja ya dakika. Mafungu 8 yanatosha: usingizi, kazi ya kipato au masomo, safari za kwenda na kurudi, kazi za nyumbani na malezi, mwili (kula, kuoga, kuvaa, mazoezi), watu (mazungumzo, kutembeleana, ibada ya pamoja), skrini ya kujiburudisha, na zisizojulikana.

Huu ni mfano wa kubuni tutakaoutumia hadi mwisho:

Usingizi 44
Kazi 51
Safari 9
Nyumbani na malezi 21
Mwili 14
Watu 6
Skrini 19
Zisizojulikana 4

Jumla 168. Yako isipofika 168, kuna kitu umesahau, mara nyingi ni safari au ile nusu saa ya kusubiri. Ikizidi, umehesabu shughuli ya mabano mara mbili.

Fungu la zisizojulikana likivuka saa 15, rudia hatua ya 1 kwa siku 3 zaidi. Chini ya hapo, songa mbele.

Hatua ya 3: Angalia namba mbili kabla ya nyingine zote

Ya kwanza ni usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, yaani saa 49 au zaidi kwa wiki. Mtu wa mfano wetu ana 44, anadaiwa 5.

Ya pili ni kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba iliyo juu kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Jumlisha kazi zako zote, pamoja na ile ndogo ya jioni na zile barua pepe za kitandani.

Usingizi ukiwa chini ya 49, hilo ndilo chaguo lako la kwanza huko mbele. Usilete mjadala wa mazoezi wala wa kujifunza lugha mpya. Aliyepungukiwa usingizi hufanya kila kitu polepole, na polepole hiyo inakula saa kwenye mafungu mengine yote. Kama kazi imefika 55, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu kwanza, kwa sababu ratiba peke yake haitakutoa hapo.

Hatua ya 4: Pita na penseli

Rudi kwenye daftari, mstari kwa mstari, na kila shughuli iwekee herufi moja: B kwa inayobaki ilivyo, P kwa inayoweza kupunguzwa, G kwa inayoweza kugawiwa mtu mwingine, A kwa ya kuacha.

A zitakuwa chache, usishangae. Faida kubwa iko kwenye P. Kikao cha saa nzima ambacho kingekwisha kwa dakika 30. Kupiga pasi nguo ambazo hakuna anayeziangalia. Kukagua ujumbe mara nyingi mno kwa siku.

Hapo kwenye kukagua ujumbe tusimame kidogo. Dakika 2 za ujumbe zinagharimu zaidi ya dakika 2. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza, na utendaji wake kwenye ile mpya hushuka. Ndiyo maana unaweza kuwa na saa 2 za bure jioni na usizihisi: zimekatwakatwa vipande 12, na katika kila kipande kichwa kilikuwa kwingine.

Kwa hiyo zungushia duara kila kipande cha muda kisichozidi dakika 15. Lengo la hatua zinazofuata ni kuviunganisha baadhi yake viwe saa nzima. Mara nyingi saa zako za bure zipo, ila zimesambaa.

Hatua ya 5: Chagua kitu kimoja, na uandike kinakotoka

Mtu wetu wa mfano akiulizwa anataka nini, atasema: usingizi saa 5 zaidi, mazoezi saa 3, watoto saa 4, kusoma saa 3. Jumla saa 15. Sasa arudi kwenye namba zake. Ni mpaka apunguze skrini kutoka 19 hadi 4, ambayo ni kujidanganya, ndipo atakapofikisha 15 hizo. Orodha yake ilikuwa imekufa kabla ya Jumatatu. Mshika mbili moja humponyoka, naye ameshika nne.

Chagua moja. Kisha jaza sentensi hii na uiandike juu kabisa ya jedwali lako:

"Saa ___ zinatoka kwenye ___, zinakwenda kwenye ___, siku za ___, kuanzia saa ___."

Kwa mfano wetu: "Saa 5 zinatoka kwenye skrini ya usiku, zinakwenda kwenye usingizi, Jumapili hadi Alhamisi, kuanzia saa 4:30 usiku." Usiku mmoja, saa moja. Skrini inashuka kutoka 19 hadi 14, usingizi unapanda kutoka 44 hadi 49. Hajaacha kuangalia chochote anachokipenda, amehamisha ile saa ya mwisho ambayo hata yeye mwenyewe hakumbuki aliangalia nini.

Angalia sentensi yako ina vitu hivi: idadi ya saa, fungu zinakotoka, siku, na saa ya kuanzia. "Nitapumzika zaidi" haina hata kimoja. "Nitapunguza simu" ina kimoja, na hicho hakitoshi, kwa sababu saa uliyoiondoa kwenye simu bila kuipa mahali pa kwenda itarudi kwenye simu.

Onyo: usichukue saa kutoka kwenye usingizi ili uzipeleke kokote. Ushauri wa kuamka saa 10 alfajiri ufanye mazoezi, usome na uandike shajara unasikika vizuri, lakini kama hukulala mapema, ulichofanya ni kukopa. Anayeamka saa 10 anapaswa kuwa amelala saa 3 usiku. Je, nyumba yako inalala saa 3?

Onyo la pili: usichukue saa kutoka kwenye fungu la watu kwa sababu ndilo halilalamiki. Kazi ina bosi na watoto wana sauti, lakini rafiki usiyempigia simu hukaa kimya, ndiyo maana huyo ndiye hukatwa wa kwanza.

Hatua ya 6: Weka kwenye jedwali kwa mpangilio huu

1. Usingizi. Weka saa ya kulala na ya kuamka kwa siku zote 7, tofauti isizidi saa moja.
2. Vitu usivyovipangia wewe: saa za kazi, vipindi vya masomo, safari, kupeleka na kuchukua watoto.
3. Chaguo lako la hatua ya 5.
4. Kazi za nyumbani.
5. Mengine yote.

Wengi huanza na namba 2, kisha 4, kisha wanatafuta pa kuchomeka lile walilolichagua. Halipati nafasi, au linapata nafasi ya saa 5 usiku siku ya Ijumaa.

Acha angalau saa moja tupu kila siku, na nusu siku tupu mwisho wa wiki. Usiijaze hata kama inakuwasha. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika tangu mwaka 1979 kuhusu kosa la wapangaji la kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, na kosa hilo humpata hata yule ambaye kazi kama hiyo ilimchelewesha mara ya mwisho. Saa tupu ndiyo itakayolipa deni hilo. Kazi unayodhani ni ya dakika 40, iandikie saa moja.

Na unganisha vipande. Manunuzi ya mara nne kwa wiki yawe ya mara moja au mbili. Simu za kupiga ziwe kwa mkupuo mmoja. Ujumbe uwe na nyakati zake, tuseme mara 3 kwa siku, kama kazi yako inaruhusu.

Hatua ya 7: Weka mwisho wa siku ya kazi

Kazi isiyo na saa ya kufunga hutanuka. Mwandishi Cyril Northcote Parkinson aliliandika hilo kwa utani mwaka 1955, kwamba kazi hupanuka ijaze muda iliyopewa, na utani huo haujapata wa kuupinga.

Dakika 10 za mwisho za siku ya kazi fanya mambo haya, kwa mfuatano: andika ulipoishia kila kazi, andika mambo 3 ya kuanza nayo kesho, funga kompyuta au panga meza, zima arifa za kazi. Kuandika ulipoishia ndiko kunakosaidia zaidi, kwa sababu kunapunguza yale mawazo yanayokufuata hadi mezani.

Kisha waambie watu. Mpaka ambao wewe tu ndiye unaujua hauheshimiwi, na si kosa lao. Ujumbe mfupi unatosha: "Kuanzia wiki hii, baada ya saa 12 jioni nitajibu ujumbe asubuhi inayofuata. Kwa jambo la dharura, nipigie simu." Sehemu ile ya dharura usiiache. Inamtuliza msimamizi, na utashangaa ni wachache kiasi gani wanaopiga.

Ufaransa iliona jambo hili ni zito kiasi cha kuliwekea sheria: tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana kwenye vifaa vya kazi nje ya muda wa kazi. Uliza mkataba wako au chama chenu cha wafanyakazi kinasema nini kabla hujadhani huna haki yoyote.

Kwa aliyejiajiri, mpaka ni mgumu zaidi kwa sababu bosi analala kitanda kimoja na wewe. Weka saa za kupokea oda kwenye wasifu wako wa mtandaoni, weka jibu la kujituma lenyewe usiku, na uhesabu saa za kufuata malipo na kufanya hesabu kama saa za kazi. Usizifanye Jumapili ukaziita mapumziko.

Hatua ya 8: Zungumza na mnaoishi nao

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Basi kama wewe ni mwanamke na fungu lako la nyumbani na malezi lina saa 40, usitafute tatizo kwenye nidhamu yako. Na kama wewe ni mwanamume na fungu hilo lina saa 5, jiulize saa zako za bure anazilipia nani.

Kaeni na jedwali mbele yenu, namba zikiwa wazi. Namba hupunguza ugomvi, kwa sababu "mimi ndiye ninayefanya kila kitu" inageuka kuwa "mimi 31, wewe 9".

Gawaneni kazi nzima nzima, kuanzia kukumbuka hadi kumaliza. Anayeshika nguo za watoto ndiye anayejua zipi zimechafuka, ndiye anayefua, ndiye anayekunja. Mkigawana kwa mtindo wa "niambie nikusaidie nini", mmoja atabaki na kazi ya kukumbuka na kuagiza, na hiyo ni kazi halisi ingawa haionekani kwenye daftari. Watoto wenye umri wa kutosha wapewe kazi zao pia.

Halafu, jambo likifanywa tofauti na unavyofanya wewe, nyamaza. Ukilirudia, umelichukua tena.

Hatua ya 9: Kagua kila wiki, badili kidogo

Chagua siku na saa ya kukagua, dakika 20. Maswali ni haya: Chaguo langu lilifanyika siku ngapi kati ya nilizopanga? Siku ambazo halikufanyika, nini kilikalia nafasi yake? Wiki ijayo ina tukio gani lisilo la kawaida?

Usihukumu mpango kabla ya wiki 3, na usiongeze chaguo la pili kabla la kwanza halijazoeleka. Katika utafiti wa chuo kikuu cha University College London ulioongozwa na Phillippa Lally, tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuwa ya kujiendea yenyewe, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwendo wa kuizoea, kwa hiyo Jumatano uliyoikosa haina uzito unaoupa.

Baada ya miezi 3, rudia hatua ya 1 kwa siku 7 na ulinganishe namba.

Mpango ukikwama

*Ratiba inavunjika katikati ya wiki.* Karibu kila mara ni kwamba umeijaza mno. Futa vitu viwili, ongeza saa tupu ya pili siku ile inayovunjika. Usiandike upya wiki nzima.

*Nafanya kazi kwa zamu.* Acha wiki, tumia mzunguko wako wa zamu. Kama zamu hurudia kila siku 14, hesabu saa 336. Linda kipande kikuu cha usingizi baada ya zamu ya usiku, na uwaambie wa nyumbani saa hizo hazina wageni.

*Nina mtoto mchanga.* Hatua ya 6 iweke kando kwa sasa. Fanya hatua ya 8 tu, na chaguo lako liwe usingizi, hata kama unapatikana kwa vipande. Ratiba itarudi mtoto akianza kulala usiku.

*Nimepata saa, lakini nikifika hapo nimechoka na naishia kwenye simu.* Hamisha chaguo lako liwe mapema zaidi katika siku, au lifanye liwe dogo: dakika 15 badala ya saa. Simu iache chumba kingine. Nguvu ya kujizuia saa 3 usiku ni ndogo kwa kila mtu, usiitegemee.

*Nikipumzika najisikia hatia.* Mapumziko yaandike kwenye jedwali kama shughuli yenye saa ya kuanza na ya kumaliza. Kwa wengi hatia hupungua wakiona kazi nayo ina saa zake kwenye karatasi hiyo hiyo.

*Namba zimekaa vizuri, nalala saa 7, lakini uchovu hauishi.* Hilo si suala la ratiba tena. Uchovu wa wiki kadhaa, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, au kukoroma sana na kuamka hujapumzika ni mambo ya kumpelekea daktari.

*Kazi yenyewe ni saa 55 au zaidi na sina pa kupunguza.* Daftari lako la hatua ya 1 sasa ni ushahidi. Toa ukurasa mmoja: kazi ulizopewa, saa ambazo kila moja inachukua kweli, na jumla. Mpelekee msimamizi umuulize, "Kati ya hizi, ipi itangulie na ipi isubiri?" Usimwambie umechoka, mwonyeshe hesabu na umwachie uamuzi wa kipi kianguke. Akisema zote zitangulie, omba alithibitishe hilo kwa maandishi, na anza kuweka saa 2 kwa wiki kwenye jedwali lako kwa ajili ya kutafuta kazi nyingine. Ziandike nazo zinakotoka.